Kila Kitu Kinaelezeka, na Hapo Ndipo Taabu Inapoanza

Kaa nusu saa kwenye mjadala wowote kuhusu kuwepo kwa Mungu, utasikia swali moja likirushwa kutoka pande zote mbili: "Na hili nalo utalielezaje?" Muumini anataja jicho, ua, mwendo wa sayari. Asiyeamini anamtaja mtoto mchanga anayekufa kwa saratani. Kila mmoja anaamini kwamba hapo kamaliza kazi, kisha anashangaa mwenzake hakunyamaza. Hanyamazi kwa sababu jibu analo, na jibu huwa lipo kila mara. Jicho limetokana na mageuko ya viumbe. Kifo cha mtoto kina hekima tusiyoifahamu. Mpe mtu mwenye akili muda wa kutosha na hakuna jambo atakaloshindwa kulieleza kwa msimamo ule ule aliokuja nao.

Ndiyo maana siku hizi siliogopi swali hilo wala siliulizi. Ninalouliza ni hili: kati ya maelezo mawili yanayoshindana, ni yapi yalikuwa na sababu ya kulitarajia jambo hili kabla halijaonekana? Linasikika kama swali lile lile likiwa limevaa nguo nyingine, lakini silo. Hili linawabana waumini, na linawabana wasioamini, kwa namna ambayo upande wowote hauipendi. Niseme mapema nimesimama wapi, usije ukahisi navizia: mimi ni muumini. Sikufikishwa kwenye imani na hoja hizi, na sidhani watu wengi walifikishwa nazo. Ila nikishaingia kwenye hoja, nataka mizani iwe sawa.

Mfano bora ninaoujua hautoki kwenye dini. Mwaka 1781 William Herschel aligundua sayari ya Uranus, na kadiri miaka ilivyopita wataalamu wa nyota waliona kwamba haipiti sawasawa pale hesabu za Newton zilipoitaka ipite. Tofauti ilikuwa ndogo lakini haikuondoka. Maelezo yalikuwa mawili. Ama kanuni ya Newton ya mvutano inaharibika mbali kiasi kile na Jua, ama kuna kitu kingine huko nje, hakijaonekana, kinachoivuta Uranus. Mfaransa Urbain Le Verrier alishika la pili, na hakuishia kusema "kuna kitu". Alipiga hesabu, akataja sehemu ya anga kitu hicho kilipo, akaandika barua Berlin. Usiku wa tarehe 23 Septemba 1846 Johann Galle alielekeza darubini huko, akaikuta sayari mpya, Neptune, ndani ya digrii moja ya pale alipoelekezwa.

Sasa sikiliza kilichofuata. Sayari ya Utaridi (Mercury) nayo ilikuwa na kasoro yake. Mahali inapolikaribia Jua zaidi husogea kidogo kila inapozunguka, na baada ya kutoa mvuto wa sayari nyingine zote, panabaki msogeo usioelezeka. Gawanya digrii moja vipande 3,600, kisha uchukue vipande 43: huo ndio msogeo wa ziada kwa karne nzima. Mwaka 1859 Le Verrier alilieleza tatizo hili kwa njia ile ile iliyompa umaarufu: kuna sayari, au kundi la vitu vidogo, kati ya Utaridi na Jua. Sayari hiyo ilipewa hata jina, Vulcan. Daktari mmoja wa kijijini Ufaransa, Lescarbault, akasema ameona doa jeusi likikatiza uso wa Jua. Le Verrier alikwenda kumhoji, akamwamini, na daktari akavishwa nishani ya taifa. Watu waliitafuta Vulcan kwa miongo kadhaa. Le Verrier alifariki mwaka 1877 akiwa bado na imani nayo.

Vulcan haipo. Novemba 1915 Albert Einstein alionyesha kwamba vile vipande 43 vinatoka moja kwa moja kwenye nadharia yake mpya ya mvutano, bila sayari yoyote ya ziada. Safari hii ni Newton aliyekuwa na upungufu.

Mtu yule yule, mbinu ile ile, kasoro za aina moja. Mara ya kwanza alipata sayari, mara ya pili alipata kivuli. Napenda kuwakumbusha watu kwamba kwa upande wa kueleza tu, Vulcan ilikuwa safi kabisa. Ililingana na kanuni iliyoaminiwa na kila mtu, ilimaliza tatizo, na ilifanana na ushindi uliopita. Ilichokosa ni kuonekana pale ilipopaswa kuonekana. Na kila ilipokosekana, palikuwa na sababu: ni ndogo mno, iko karibu mno na Jua, ilipita upande mwingine. Hakuna hata moja kati ya sababu hizo iliyokuwa ya kijinga.

Namna ya kupima mambo haya iliandikwa na mchungaji. Thomas Bayes alikuwa mhubiri wa Kipresibiteri Uingereza, alifariki mwaka 1761, na mwaka 1763 rafiki yake Richard Price, mhubiri pia, aliichapisha kazi yake ya hesabu za uwezekano. Price hakuficha kwamba alitumaini itaiongezea nguvu hoja ya kuwepo kwa Mungu kutokana na mpangilio wa vitu. Hesabu yenyewe tunaweza kuiacha. Wazo lake ni jepesi. Kila dai huja na uzito wake kabla ya ushahidi, yaani kiasi linavyoaminika kabla hujaangalia chochote. Ushahidi ukifika, unauliza mara mbili: dai hili likiwa kweli, ningetarajia kuona hiki kwa kiasi gani? Na dai pinzani likiwa kweli, ningetarajia kukiona kwa kiasi gani? Kinachosogeza mizani ni uwiano wa majibu hayo mawili. Jibu la kwanza peke yake halisogezi chochote.

Nusu ya pili ndiyo inayosahaulika. Dalili ya mvua ni mawingu, sawa. Lakini mahali ambapo mawingu hutanda kila siku, inyeshe isinyeshe, kuyaona hakukuambii lolote. Mtu akiniambia kwamba aliomba akapata amani moyoni, namwamini, na mimi mwenyewe naijua amani hiyo. Mungu akiwepo, ningeitarajia. Asipokuwepo, ningeitarajia vilevile, kwa sababu binadamu akitulia na kusema yaliyo moyoni hupata nafuu hata akiyaandika kwenye daftari. Huo ni ushahidi, ila ni mwepesi. Vivyo hivyo kwa yule anayesema dini ni woga wa kifo tu: watu wangeogopa kifo Mungu awepo asiwepo.

Tukija kwenye hoja zenyewe, tuanze na William Paley, mwanatheolojia wa Kiingereza, ambaye watu humcheka bila kumsoma. Mwaka 1802 aliandika kwamba ukiokota saa uwandani, utajua ina mtengenezaji, na viumbe vina mpangilio kuliko saa. Kwa wakati wake hakuwa amekosea hesabu. Maelezo aliyoyaona mezani yalikuwa mawili, bahati tupu au mbuni mwenye akili, na kati ya hayo bahati tupu haifui dafu. Mtu mwenye busara angemchagua mbuni. Mwanafalsafa David Hume alikuwa amekwisha kudokeza, katika majadiliano yaliyochapishwa mwaka 1779 baada ya kifo chake, kwamba pengine kuna njia nyingine za mpangilio kutokea, lakini hakuwa na njia yenyewe mkononi. Ilifika mwaka 1859 kwa Charles Darwin: tofauti ndogo zinazorithiwa, zinazochujwa na nani anaishi na nani anazaa.

Mwanafalsafa Bas van Fraassen ana onyo linalomhusu Paley, na linatuhusu sote: ukichagua maelezo bora kati ya uliyonayo, huenda umechagua aliye bora katika kundi la wabovu. Hoja yoyote ya kuondoa wapinzani mmoja mmoja ina nguvu sawa na ukamilifu wa orodha yake, na hakuna anayeiona orodha kamili. Kila ninaposikia "ama bahati nasibu, ama Mungu, hakuna la tatu", nawaza mwaka 1802.

Lakini Darwin hakushinda kwa kuongeza jina kwenye orodha tu. Alishinda kwa sababu maelezo yake yalitarajia na mabaya. Kuna neva inayotoka kwenye ubongo kwenda kwenye koromeo. Badala ya kwenda moja kwa moja, inashuka hadi kifuani, inauzunguka mshipa mkubwa karibu na moyo, kisha inapanda tena. Kwa twiga, safari hiyo ni mita kadhaa kufika mahali ambapo njia fupi ingekuwa sentimita chache. Ukijua kwamba wanyama hawa wametokana na mababu waliofanana na samaki, ambao kwao njia hiyo ilikuwa fupi, na kwamba shingo ilirefuka pole pole huku neva ikiwa imenasa upande usiofaa wa mshipa, unaitarajia kabisa fujo hii. Muumini anaweza kusema Mungu alipenda iwe hivyo. Anaweza, na mantiki haimkatazi. Ila hakuna muumini aliyewahi kuketi, kabla ya kumpasua twiga, akasema: kwa kuwa Muumba ni mwenye hekima, neva hii itapita kifuani.

Hapo tumefika penye kiini. Ninapolisoma jambo hili, naona hila moja ikijirudia, na wanaoitumia mara nyingi hawajui kama wanaitumia. Dai linapunguzwa unene linapopimwa bei, maana kila linaloongezwa hupunguza uzito wake wa mwanzo, kisha linanenepeshwa linapopewa kazi ya kueleza.

Chukua upande wangu kwanza. Mwanafalsafa Mkristo Richard Swinburne, katika kazi yake ya mwaka 1979, ametetea kwa ustadi mkubwa kwamba dai la Mungu ni jepesi, yaani halina mambo mengi ndani yake: nafsi moja, uwezo usio na kikomo, ujuzi usio na kikomo, wema usio na kikomo. Anasema kikomo ndicho kinachodai sababu. Ukisema nguvu ni kiasi fulani, nitakuuliza kwa nini si zaidi, lakini asiye na kikomo haulizwi hivyo. Naona ana hoja, ingawa wengine, Richard Dawkins akiwa maarufu zaidi kati yao, wanasema anayeweza kubuni ulimwengu lazima awe na utata kuuzidi. Ugomvi huo siuingii, maana shida ninayoiona iko mbele yake. Mungu huyo mwembamba, mwenye uwezo wa kufanya lolote, angefanya nini? Kwa maelezo hayo matatu peke yake, sijui. Angeweza kuumba roho tupu, au ulimwengu mmoja, au elfu, au asiumbe. Ili ulimwengu huu utarajiwe, unapaswa kuongeza: na anapenda viumbe wenye miili, na anataka wawe huru, na anapendelea wafike kupitia historia ndefu ya mabilioni ya miaka. Kila "na" ina gharama. Wengi wetu tunalipia Mungu mwembamba, tunabeba Mungu mnene.

Wasioamini wanafanya hivyo hivyo na hawapendi kuambiwa. "Kuna maumbile tu, basi" ni dai jembamba mno, na ndiyo sababu linaonekana bei nafuu. Lakini dai hilo peke yake halisemi kama patakuwa na sheria au vurugu, nyota au giza, fahamu au mawe. Linapobanwa, linaongezwa: na kuna malimwengu yasiyohesabika, na sheria za msingi ziko hivi, na fahamu huchipuka kwenye mpangilio fulani wa chembe. Wana haki ya kuongeza. Nasema tu kwamba risiti ni ya wote.

Tuone hila hii inavyoathiri hoja inayopendwa kuliko zote siku hizi, ya namba za msingi za fizikia. Nguvu ya mvutano, uzito wa chembe, nishati ya anga tupu: zingebadilika, baadhi yake kwa kiasi kidogo sana, kusingekuwa na nyota wala kemia. Nishati ya anga tupu ndiyo inayotisha zaidi. Makadirio ya kawaida ya nadharia yanazidi kile kinachopimwa kwa namba ambayo ni moja ikifuatwa na sifuri zipatazo 120. Kuna kitu kinaizuia isilipuke, na hatukijui.

Jibu la haraka la wasioamini ni kwamba isingekuwa hivyo tusingekuwepo kuuliza. Mwanafalsafa John Leslie alilijibu vizuri. Tuseme umefungwa mbele ya kikosi cha wapiga shabaha mahiri, wote wanafyatua, wote wanakukosa. Ni kweli kwamba wangekupata usingekuwepo kushangaa. Je, hilo linaondoa haja ya kuuliza kwa nini wote walikosa? Haliondoi hata kidogo. Jibu hilo la haraka halifai, na natamani liachwe.

Jibu zito ni malimwengu mengi, kila moja na namba zake, nasi tukiwa katika lile linaloruhusu uhai. Waumini wengi hulitupa kwa dharau kama kisingizio cha kumkwepa Mungu. Wanalikosea haki. Mwaka 1987 mwanafizikia Steven Weinberg alifikiri hivi: ikiwa kuna sehemu nyingi zenye viwango tofauti vya nishati ya anga tupu, sisi tutajikuta mahali penye kiwango kidogo kiasi cha kuruhusu makundi ya nyota kujiunda, lakini hakuna sababu kiwe sifuri kamili. Wakati huo wengi walidhani ni sifuri. Mwaka 1998 timu mbili zilizokuwa zikipima nyota zinazolipuka ziligundua kwamba ulimwengu unatanuka kwa kasi inayoongezeka, na kiwango kilichopatikana kiliangukia ndani ya mipaka ya fikra ile. Huko ni kusema kabla ya kuona. Si Neptune, kwa kuwa hakuna aliyeuona wala atakayeuona ulimwengu mwingine kwa darubini, na mwanafalsafa Ian Hacking alikwisha kuonya mwaka huo huo wa 1987 kwamba kuona kete zimeangukia sita mara mbili hakuthibitishi kwamba zilirushwa mara nyingi kabla hujaingia chumbani. Lakini si kisingizio pia.

Na upande wetu? Hapa nina jambo ambalo sijasikia likisemwa sana na waumini wenzangu, ingawa liko wazi kwa kila aliyefundishwa dini utotoni. Tunaamini kuna malaika. Wengi tunaamini kuna majini. Tunaamini roho inaendelea baada ya mwili kuoza. Maana yake, kwa imani yetu wenyewe, Mungu anaweza kuwa na viumbe wenye akili, utashi na ibada bila kaboni, bila nyota na bila namba yoyote ya fizikia iliyorekebishwa kwa wembe. Kwa hiyo hatuwezi kusema kwamba Mungu akitaka viumbe wa kumjua, lazima arekebishe namba hizo. Asiyeamini ndiye ambaye kwake uhai wenye fahamu unahitaji namba sahihi, maana hana njia nyingine ya kuupata. Sisemi hoja inakufa. Nasema ili iishi inabidi uongeze: Mungu alitaka viumbe wa mwili hasa, ndani ya maumbile yanayofuata kanuni. Labda ndivyo. Ila umeongeza, na ulichoongeza kinapunguza uzito ulioanza nao.

Hoja ya mateso nitaikalia zaidi, kwa sababu hapo ndipo hesabu za pande zote mbili zinapogongana. Kwa kawaida inaletwa kama kitendawili: Mungu mwema na muweza, uovu upo, chagua. Kwa sura hiyo haina nguvu, maana inatosha kuonyesha kwamba huenda ana sababu. Mwanafalsafa William Rowe aliibadilisha mwaka 1979. Mtoto wa paa ananaswa na moto wa msituni mbali na macho ya watu, anaungua vibaya, analala siku kadhaa katika maumivu, kisha anakufa. Hakuna aliyejifunza subira kwa kumwona wala aliyepewa nafasi ya huruma. Rowe hakusema haiwezekani kuwe na sababu. Alisema tuna haki ya kuamini kwamba mateso ya namna hiyo, angalau baadhi yake, hayana.

Miaka kumi baadaye mwanafalsafa Paul Draper alifanya kile ambacho makala hii imekuwa ikikidai. Aliweka mpinzani mezani, akamwita dhana ya kutojali: hali ya viumbe wenye hisia haikupangwa na yeyote mwenye nia njema wala mbaya. Kisha akauliza, ramani ya maumivu na raha tunayoiona ilitarajiwa zaidi na nani? Maumivu hufuata kazi ya kuishi na kuzaa. Mkono ukigusa moto unauma, unautoa. Njaa inauma, unakula. Hadi hapo hata muumini anatikisa kichwa kwa kukubali. Lakini mtambo huo huo haujui kuzima pale usipofaa tena: anayekufa kwa kuungua anaendelea kuumia, ingawa maumivu hayamwokoi wala hayamzalishi. Dhana ya kutojali inalitarajia hili, kwani mageuko hayana sababu ya kuondoa maumivu yasiyozuia uzazi. Muumini anapaswa kueleza kwa nini mgawanyo wa maumivu unafuata ramani ya biolojia badala ya ramani ya haki, au ya malezi ya roho.

Kati ya hoja zote dhidi ya imani yangu, hii ndiyo naiona nzito. Jibu linalosifiwa zaidi ni la mwanafalsafa Stephen Wykstra, mwaka 1984: akili yetu ikilinganishwa na ya Mungu ni ndogo mno, hivyo kutoiona sababu hakumaanishi haipo, kwa kuwa hata kama ingekuwepo, tusingetarajia kuiona. Ni jibu la unyenyekevu na linanivutia. Lakini tazama linachofanya upande wa pili wa daftari. Kama siwezi kukisia Mungu angefanya nini kuhusu mtoto wa paa, nitakisiaje kwamba angependa kuwe na nyota, au kaboni, au mimi? Siwezi kumjua Mungu vizuri Jumapili ninapohubiri namba za fizikia, kisha nisimjue kabisa Jumatatu anapokufa mtoto. Anayechukua jibu la Wykstra awe tayari kupunguza sauti kwenye hoja ya mpangilio. Sijakutana na wengi wanaofanya hivyo.

Nawafikiria marafiki wa Ayubu katika Biblia: Elifazi, Bildadi na Sofari. Maelezo yao yalikuwa mazuri kwa kila kigezo cha mjadala. Mungu ni wa haki, Ayubu anateseka, basi Ayubu ana dhambi iliyofichika. Ni mafupi, yanalingana na mafundisho, yanamaliza swali. Na mwisho wa kisa Mungu anawakasirikia wao kwa kutosema yaliyo sawa, ilhali Ayubu, aliyekataa maelezo yale na kulalamika waziwazi, hakukasirikiwa. Ile dhambi iliyofichika ilikuwa Vulcan yao.

Kuna pingamizi ambalo wanafalsafa wa zamani wangelileta dhidi ya mwendo wote huu, nami nalichukulia kwa uzito. Mungu si dhana moja kati ya dhana. Al-Ghazali, mwanachuoni wa Kiislamu aliyefariki mwaka 1111, alishikilia kwamba hata pamba inapoungua karibu na moto, hatuoni ulazima wowote kati ya moto na kuungua. Tunaona tu kimoja kikiandamana na kingine, na anayeunguza ni Mwenyezi Mungu. Mwanafalsafa Mwislamu Ibn Rushd alimpinga kwa ukali karne hiyo hiyo ya kumi na mbili, akisema kukana sababu ni kukana maarifa yenyewe. Mwanatheolojia Mkristo Thomas Aquinas alipouliza kama Mungu yupo, alijiwekea mapingamizi mawili tu, uovu, na kwamba maumbile yanatosha kueleza kila kitu. Jibu lake kwa la pili ni kwamba maumbile yenyewe hufanya kazi chini ya sababu ya kwanza. Kwa fikra za namna hii, kuuliza "Mungu au sheria za maumbile?" ni kukosea swali.

Nakubali. Lakini basi tukubali na matokeo yake. Kama Mungu yuko nyuma ya kila tukio kwa kiasi kile kile, hakuna tukio moja linalomshuhudia kuliko jingine, na jicho halimsaidii zaidi ya jiwe. Georges Lemaître alilielewa hili kuliko wengi. Alikuwa padri, na ndiye aliyependekeza mwaka 1931 kwamba ulimwengu ulianza kutoka chembe moja ya asili. Mwaka 1951 Papa Pius wa Kumi na Mbili alipozungumza kana kwamba sayansi hiyo imethibitisha uumbaji, Lemaître hakufurahi. Alitaka nadharia yake ibaki nje ya ugomvi wa dini, na alikuwa na sababu: nadharia hurekebishwa.

Kuhusu swali la mwanafalsafa Leibniz la mwaka 1714, kwa nini kuna kitu badala ya kutokuwa na chochote, nina machache. Mwanafalsafa asiyeamini, Bertrand Russell, alipobanwa nalo na padri Frederick Copleston kwenye redio ya BBC mwaka 1948, alijibu kwamba ulimwengu upo tu, basi. Watu humwona kama aliyekimbia. Mimi namwona kama mtu aliyekataa kuweka maelezo mezani, na hapo mizani niliyoieleza haina cha kupima, kwa sababu upande mmoja una maelezo na mwingine unasema hayahitajiki. Swali hilo linanivuta sana kuelekea kwa Mungu. Siwezi kulitia namba, na anayejaribu simwamini.

Nimebaki na hoja moja ambayo kwangu bado haijafungwa. Mwanafalsafa J. L. Schellenberg aliiandika mwaka 1993. Mungu mwenye upendo kamili angetaka uhusiano na kila mtu aliye tayari. Lakini kuna watu wanaomtafuta kwa moyo safi na hawamwoni. Kama hayupo, watu hao wanatarajiwa. Kama yupo, wametoka wapi? Jibu ninaloliegemea ni kwamba ukaribu unaolazimisha ungeua uhuru wa kumchagua, kwa hiyo Mungu hujisitiri kwa makusudi. Nalipenda jibu hili. Bei yake ni kwamba sasa nimesema Mungu hataki kuonekana kirahisi katika kazi yake, na nikishasema hivyo sina ruhusa ya kukuonyesha anga la usiku na kukuuliza utalielezaje. Namba zile za fizikia, kama zina saini ya mtu, ni saini ya yule ambaye nimetoka kudai kwamba hapendi kutia saini. Naweza kushika moja kati ya haya mawili. Kwa sasa nashika la uhuru, na hoja ya mpangilio nimeiandika upande wa hasara.